Fundi simu wa Langoni na onyo la unyevu lisilokwisha

Kwa siku nne simu yangu ilikataa chaji, ikionya kwamba tundu lake la kuchajia lina unyevu, ilhali maji ya bahari yaliyoirukia niliposhuka Lamu kwenye boti ya kutoka Mokowe, upande wa bara, yalikuwa yamekauka siku ile ile. Jua lilipokuwa kali onyo liliondoka. Usiku lilirudi, ingawa simu imelala kabatini. Niliizika ndani ya mchele kama nilivyoshauriwa, isifae kitu. Mafundi wawili walinitaka nibadilishe bodi ya chaji kwa shilingi 3,500 bila kuifungua simu. Wa tatu ni kijana mwenye kibanda Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji.

"Ami, mchele hauondoi chumvi," alisema.

Maelezo yake yalinikaa sawasawa. Simu hutambua unyevu kwa kupima kama umeme unavuja baina ya pini zisizopaswa kugusana. Maji yakikauka chumvi hubaki, nayo chumvi ya kawaida huvuta unyevu wa hewa hadi ikayeyuka pindi unyevu huo unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Lamu hukifikia bila taabu. Simu, basi, ilikuwa ikisema kweli kila usiku. Hata alama ya IP68, ile ya simu kustahimili maji, niliyoitegemea hupimwa kwa maji matamu.

Aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini yake. Katika tundu la upana wa takriban milimita 9, lenye pini ndogo 24, niliona ukoko mweupe kama wa sufuria iliyochemshiwa maji ya kisima, na pini moja, miongoni mwa zile zinazobeba umeme wa chaji, imegeuka kijani. Usiku wa kwanza niliilazimisha chaja, na umeme unaopita katika maji ya chumvi huila shaba.

Kilichonishawishi zaidi ni mpangilio wa kazi yake. Aliizima simu, akaifungua na kuitenga betri, kisha akaanza kwa brashi laini na maji yale yasiyo na madini ya kutilia betri za sola, kwa kuwa chumvi haiyeyuki vizuri katika spiriti. Spiriti ilikuja mwisho, kuyafukuza maji. Ilichukua dakika 40 na nikalipa shilingi 800.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Kibanda kiko wazi kwa upepo wa bahari, kwa hiyo bodi iliyofunguliwa humo hupigwa na chumvi ile ile inayosafishwa. Pazia la plastiki mbele ya meza lingesaidia sana. Risiti hatoi, wala haandiki alichokifanya, na kwa kazi nzuri kiasi hiki nasikitika.

Wiki tatu zimepita na onyo halijarudi, hata usiku wa manyunyu. Nendeni asubuhi, kwani hufunga tangu adhuhuri hadi baada ya alasiri bila kuweka kibao.