TAHADHARI: "Dawa ya gia" inayofanya kazi gari ikishapata moto tu

Wenye gari zilizofanyiwa modifikesheni, hasa za gia za mkono, kaeni macho. Kuna muuzaji anatembeza chupa za oili anazoziita dawa ya giaboksi, na msimu wa baridi ndio mavuno yake. Jina simtaji. Mbinu yake ni ileile kwa kila mteja, na ukishaijua, hata akija mwingine na chupa ya rangi nyingine hakupati.

Unamlalamikia kwamba asubuhi gia ya pili inagoma, ukilazimisha inasaga. Anakusikiliza vizuri tu, kisha anatikisa kichwa: sinkronaiza (pete zinazosaidia gia kuingia bila kusaga) zinakufa hizo, ukichelewa utanunua giaboksi nzima. Ukishaingiwa na hofu ndipo anapokupa nafuu, yaani chupa zake. Anakuambia umpelekee gari. Ukifika anamimina, halafu mnazunguka nayo "dawa isambae". Mkirudi, kweli, gia zinaingia laini kabisa. Unalipa na asante juu.

Hakuna alichotibu. Gari imepata moto, basi. Oili ya giaboksi ikilala kwenye baridi inakuwa nzito. Pete za sinkronaiza zinafanya kazi kwa msuguano: lazima ziisukume oili pembeni, zishike koni ya gia na kusawazisha mwendo kabla meno hayajaingiliana. Oili ikiwa nzito pete inateleza juu yake, mwendo hausawaziki kwa wakati, ndipo unasikia ule mkwaruzo. Ukishaendesha kidogo oili inalegea na tatizo linaondoka lenyewe, hata usipomimina kitu. Na gari uliifikisha kwake kwa kuiendesha, sivyo?

Anawapenda wenye modifikesheni kwa sababu. Ukifunga shifta fupi (mkono wa gia uliofupishwa mwendo), mkono unasafiri umbali mdogo lakini unadai nguvu zaidi. Ukiweka busha ngumu (vile vikalio vinavyoshika shifta), kila mkwaruzo uliokuwa ukimezwa na mpira wa kiwandani unakufikia kiganjani. Flaiwili (gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini) ikiwa nyepesi inafanya mzunguko wa injini ushuke haraka, kwa hiyo hata muda uliozoea kubadilishia gia umebadilika. Jambo ambalo kwenye gari ya kawaida usingelisikia, kwako linapiga kelele, na jamaa analiita ugonjwa.

Chupa yake moja nimeishika. Lebo inasema inafaa gia zote, za mkono na otomatiki. Hilo tu lingetosha kuirudisha, maana oili ya otomatiki, ya CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua) na ya gia za mkono ni vitu tofauti. Hakuna daraja la SAE (kipimo cha uzito wa oili), hakuna GL-4 wala GL-5 (viwango vya ubora wa oili ya gia), na kifuniko hakina sili. Nilidondosha tone kati ya vidole: zito kama asali, na lina ile harufu kali ya salfa ya oili ya difu. Oili nzito hivyo inaficha mlio wa giaboksi ikiwa ya moto, lakini kwenye baridi inaongeza tabu ileile uliyoilipia. Namba zenye W si pambo: 75W inapimwa ulaini wake kwenye nyuzi -40 za Selsiasi, 80W kwenye -26, 85W kwenye -12 tu. Na msidanganywe kwamba GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa kuwa namba ni kubwa. Kama kitabu cha gari kinataka GL-4, viambata vya salfa na fosforasi vilivyojaa kwenye GL-5 vinaweza kuathiri pete za shaba, na utelezi wake unazinyima msuguano.

Akikufuata, mwambie gari ilale kwake, asubuhi uiwashe wewe mwenyewe ikiwa baridi, pesa baadaye. Mmoja wetu alimwekea sharti hilo akajibiwa kwamba dawa inahitaji muda wa kuzoeana na giaboksi. Haya.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, jaribu hili gari ikiwa baridi. Injini imezimwa, ingiza gia zote moja moja. Zikiwa nzito hata hapo, angalia oili na viunganishi vya shifta. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma au kusaga ikiwaka, anza na klachi, huenda haiachii kikamilifu. Baadhi ya klachi za mashindano ziko hivyo, au kuna hewa kwenye haidroliki. Ikisaga hata gari ikiwa ya moto, hapo sasa zungumza habari za sinkronaiza.

Wa otomatiki, msimimine kitu. Kwenye gari nyingi kompyuta yenyewe inachelewesha kubadilisha gia mpaka oili ipate joto.

Kama umeshamiminiwa, mwaga yote, usiongezee oili nzuri juu yake. Tazama sumaku ya nati ya kumwagia: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Shaba ya pete haishikwi na sumaku, kwa hiyo chunguza pia oili yenyewe kama ina vumbi la rangi ya dhahabu. Weka oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na ile uliyomwaga hifadhi kidogo kwenye chupa safi pamoja na risiti. Muuzaji atakutishia kwamba ukifungua nati hiyo warantii aliyokupa imekufa. Fungua.