Basi la usiku Dar–Sengerema: uzoefu wangu na watoto wawili na bibi yao

Kampuni siitaji, maana nina ya kusifia na ya kulalamikia. Ni basi la siti mbili kwa mbili, linatoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja jioni. Tulikuwa tunamrudisha mama mkwe nyumbani Sengerema baada ya matibabu, tukaona tuunganishe na likizo ya watoto.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, sioni sababu ya kumwamsha mtoto saa tisa za usiku ili awahi stendi. Ukiondoka alfajiri unaingia Mwanza usiku mwingi, na Sengerema bado iko ng'ambo. Ukiondoka jioni, watoto wanalala Morogoro wanaamkia Singida. Hilo peke yake lilinirudishia nauli yangu. Kuna atakayeuliza mbona sikupanda SGR hadi Dodoma. Treni ni nzuri, sina ubishi, lakini kushuka pale na mgonjwa, mabegi na kiroba cha nazi, kisha kwenda Nanenane kuvizia basi lenye siti nne tupu? Hapana.

Siti zinalala vizuri, isipokuwa ya mama mkwe: ukiilaza inainuka yenyewe. Konda alipoitwa hakubisha. Alikwenda mbele, akarudi na kipande cha ndala, akakichomeka kwenye komeo la siti, ikatulia. Kwa alivyokipata haraka, nadhani kile kipande nacho ni mfanyakazi wa kampuni. Chaja za simu zilikuwa pambo tu. Kiyoyozi, kinyume chake, kilifanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo beba shuka au kitenge kizito. Muvi ziliunguruma mpaka mama mkwe aliposema, "Mwanangu, hebu punguza, watoto wamelala." Konda akajibu, "Shikamoo bibi, nazima kabisa." Akazima.

Madereva walikuwa wawili na walipokezana kweli Dodoma, nilimwona wa kwanza akienda kulala. Mwendo ulikuwa ule wa kilomita 80 kwa saa. Walionung'unika nyuma kwamba basi halikimbii wangepanda ndege.

Kilichoniudhi ni kuchimba dawa. Kijana anaruka mtaro, anamaliza, anarudi. Mtu mzima mwenye magoti mabovu utamshushaje porini gizani? Nililazimika kumwambia konda kwamba bibi atasubiri choo cha kituo cha mafuta, akakubali, lakini kwa kuombwa, wala si utaratibu wao. Na pale pa kula walitangaza dakika ishirini, honi ikaanza kulia chipsi zetu zikiwa bado kwenye mafuta. Pika chapati zako nyumbani, uchemshe na mayai.

Jambo jingine ambalo tiketi haikulisema: basi lilipita Usagara, njia ya Sengerema inapochepukia, likaenda kwanza kushusha watu Nyegezi, likakaa, ndipo likarudi Usagara pale pale. Kwa waliochoka usiku kucha, ile nenda rudi inauma. Ukiwa huna mizigo, shuka Usagara udandie Hiace.

Baada ya hapo raha. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ingeweza kula saa mbili zako. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na basi lilikatiza bila hata kusimama. Watoto walibandika nyuso dirishani. Bibi yao, ambaye miaka yote alivuka kwa pantoni, aliuliza, "Tumeshavuka?"

Kurudi nimekata kwa hao hao, siti za katikati, mbali na matairi na mbali na spika. Ukisafiri Desemba kata mapema, na udai tiketi mtandao yenye jina lako na namba ya siti. Bila hiyo, mpiga debe wa Mbezi anaweza kukuuzia siti ambayo tayari ina mwenyewe.