Uzoefu wangu: ziara ya matumbawe ya Msimbati na kijana wa mkate

Kama mtu angeniuliza nilipokuwa bado majini, ningemwambia alipe bila kuuliza bei. Kama angeniuliza nilipokuwa navua miwani ufukweni, ningemwambia abaki nyumbani ale korosho zake. Sasa hasira imepoa kiasi, ndiyo maana naandika, ingawa siwezi kuahidi kwamba itabaki imepoa mpaka mwisho wa maelezo haya.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Inapeleka watalii kwa boti kwenye matumbawe ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000, na bei zake pamoja na ratiba zake kila mtu anaweza kuziulizia mwenyewe. Nilipopiga simu kabla ya safari nilijieleza vizuri: kwamba nafundisha baiolojia sekondari, kwamba nimekuwa mtazamaji wa ndege kwa miaka mingi, na kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi tabia nilizozoea kuziona kwa ndege wa nchi kavu zinavyojirudia kwa samaki. Nilijibiwa kwa sauti tamu: "Karibu sana, mwalimu. Kijana wetu anamjua kila samaki." Naomba msomaji aikumbuke hiyo "kila samaki".

Ilikuwa wakati wa matlai, kabla kaskazi haijashika, na maji yalikuwa meupe mpaka chini. Pwani hii imeteswa na baruti za wavuvi kwa miaka mingi, kwa hiyo sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Nilipoingiza uso majini mara ya kwanza nilisahau hata kupumua kwa mrija.

Chini yangu, kwenye kipande cha mchanga kati ya matumbawe mawili, alikuwapo samaki aitwaye mkundaji, mwenye mstari mweusi ubavuni na doa jeusi karibu na mkia. Alikuwa ameinamisha kichwa na kuchakura mchanga kwa masharubu yake mawili ya kidevuni, akisimama, akifukua, akisogea kidogo, akifukua tena. Kila mchanga ulipotimka, samaki wawili wadogo wa kijani waliokuwa wakimfuata kwa karibu, mmoja kila ubavu, walijitupa ndani ya lile wingu na kunyakua vidudu vilivyokuwa vikikimbia. Mkundaji hakuwafukuza wala hakuwajali. Aliposimama walisimama, na aliposogea walisogea. Huyo ni yangeyange, yule ndege mweupe wa malishoni, na ng'ombe, bila kuongeza wala kupunguza! Yangeyange hamfuati ng'ombe kwa mapenzi. Anafuata kwato zinazowaamsha panzi, na waliomchunguza wamekuta kwamba akimfuata ng'ombe hupata wadudu wengi zaidi kwa hatua chache kuliko akiwinda peke yake. Nimewaeleza wanafunzi jambo hilo tangu nilipoanza kazi, na sasa lilikuwa likitendeka mbele ya pua yangu, na mahali pa ng'ombe alikuwapo samaki wa ukubwa wa kiganja.

Hapo ndipo mkate ulipoanguka.

Sikuelewa mara moja ni kitu gani. Niliona vipande vyeupe vikishuka mbele ya miwani, kisha maji yote yakachafuka kwa samaki wenye milia myeusi ya wima, wakigombana, wakipigana vikumbo, wengine wakinigusa mashavuni. Mkundaji alitoweka na wafuasi wake wakatoweka naye. Niliinua kichwa nikamkuta kiongozi wetu amekaa ukingoni mwa boti na mfuko wa mkate wa slesi mapajani, akipiga mluzi kama anaita kuku.

Nilimwomba kwa upole aache. Alinijibu, "Mwalimu, si ulitaka kuona samaki? Nimekuletea." Nikamwambia kwamba nilitaka kuwaona wakiishi maisha yao, si wakiombaomba, na kwamba kilichokuwa kikiendelea chini kilikuwa sawasawa na cha yangeyange. Akawageukia abiria wenzangu, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, shikamoo yako ninayo, lakini samaki ni samaki. Ukitaka ndege nenda porini. Wenzako hapa wamelipia starehe, hawakulipia kipindi cha pili." Boti nzima ikacheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akashika ubavu.

Nimefundisha watoto wakaidi wa kila namna, na kuchekwa hakuniui. Kilichoniudhi, na kinachoniudhi hata sasa ninapoandika, ni kwamba neno hilo alilisema akiwa amekaa juu ya mahali pengine penye ushahidi kwamba hajui anachokiuza. Upande wa pili wa boti palikuwa na jiwe kubwa la tumbawe, na mbele yake chewa amesimama wima kidogo, mdomo wazi, matamvua yametanuka, hatikisiki. Yule kijana aliwaambia wageni kwamba huyo ni samaki mgonjwa. Mgonjwa! Ndani ya mdomo wa huyo "mgonjwa" alikuwa akiingia na kutoka samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi tangu puani hadi mkiani, akimdonoa wadudu wanaomnyonya. Hapo ni kituo cha kusafishwa. Samaki huja wenyewe na hata kungoja zamu, na chewa ambaye angeweza kummeza msafishaji kwa kufumba mdomo tu hamli.

Mtu yeyote aliyewahi kumwona yule ndege askari wa kifaru juu ya nyati au punda anaifahamu biashara hiyo. Na kufanana kwao hakuishii kwenye wema. Askari wa kifaru hula kupe, lakini pia hudonoa vidonda na kunywa damu ya yule anayemhudumia. Samaki msafishaji naye, akipata nafasi, huacha wadudu na kung'ata ute wa ngozi ya mteja, kwa sababu ute ndio anaoupenda zaidi. Mteja hushtuka, humfukuza, au huondoka kutafuta msafishaji mwingine. Watafiti Redouan Bshary na Alexandra Grutter walionyesha mwaka 2006 kwamba wateja walio karibu hutazama jinsi msafishaji anavyomtendea aliyetangulia, na kwamba msafishaji anayetazamwa huwa mwaminifu zaidi. Laiti na waongoza watalii wangekuwa hivyo! Isitoshe, yupo samaki mwingine aliyevaa sare ileile ya buluu na mstari mweusi, anayewakaribia wateja kana kwamba ni msafishaji kisha akang'oa kipande cha pezi na kukimbia. Huyo sikumwona majini siku hiyo. Nilimwona ndani ya boti, amevaa fulana ya kampuni.

Narudi kwenye neno lake la "samaki ni samaki", maana ndilo lililonikaa kooni. Wazee wa Kiyao wa Masasi na Tunduru wanamfahamu yule ndege anayemwongoza mrina asali mpaka kwenye mzinga, na ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima jambo hilo: warina asali wa Kiyao walipotoa mwito wao maalumu, uwezekano wa kuongozwa na ndege huyo ulipanda kutoka takriban theluthi moja hadi theluthi mbili. Ndege ana macho ya kuuona mzinga lakini hana shoka wala moto. Mtu ana moto lakini hajui mzinga uko wapi. Chini ya maji jozi hiyo ni chewa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Katika Bahari ya Shamu, Bshary na wenzake waliripoti, pia mwaka 2006, kwamba chewa humwendea mkunga kwenye tundu lake, humtikisia kichwa, na wawili hao huondoka pamoja kuwinda: mkunga huingia nyufani ambako chewa hafiki, na kitoweo kikikimbilia nje hukutana na chewa. Nilitaka kumuuliza yule kijana kama amewahi kuwaona wakifuatana hivyo huku kwetu. Lakini ungemuulizaje mtu ambaye bado ana mkate mkononi?

Haki itendeke: si kila kitu kilichoharibika. Mkate ulipokwisha na wenzangu walipokuwa wakipigana picha, niliogelea mbali kidogo, nikawaona tasi wawili. Mmoja alikuwa amechomeka kichwa kwenye ufa akila mwani, mwenzake akielea kando yake kichwa juu, akitazama huku na huko; kisha wakabadilishana. Watafiti wameieleza tabia hiyo ya zamu kwa tasi wa Australia, na mtu aliyekaa jioni akawatazama kanga shambani, mmoja shingo juu wengine wakidonoa, hahitaji kuelezwa faida yake. Tasi tunamjua sana huku, lakini tunamjua akiwa amekaangwa. Niliwatazama mpaka vidole vikakunjamana, na kwa muda huo, nakiri, ningempa hata yule kijana nyota nne.

Kisha akapiga mluzi tena, safari hii akiniita mimi.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma, karibu na nahodha, mzee ambaye muda wote tulipokuwa majini alilala usingizi wa pono, kofia usoni. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyoosha kidole upande wa mkondo, walikokuwa wakizunguka ndege wa baharini, membe, wengi. "Hao bado wanangoja," alisema. "Jodari yuko chini. Wakianza kuchomoka, ujue dagaa amepandishwa." Hatukwenda mbali wakaanza kuchomoka. Maji yalichemka, na kundi la dagaa likaonekana chini ya uso wa bahari likigeuka lote pamoja, likimeta, likifumba, likimeta tena. "Jodari humpandisha," mzee akasema, "ndege humshusha. Maskini hana pa kwenda."

Nilimwambia kwamba kwelea kwelea hugeuka vivyo hivyo juu ya mtama wanapomwona kozi. Hakucheka. Aliniuliza ni nani anayetoa amri. Hilo ndilo swali! Nikamweleza kwamba hakuna anayetoa amri. Kwamba mwaka 1987 Mmarekani mmoja wa kompyuta, Craig Reynolds, alionyesha kuwa kanuni tatu zinatosha kuliendesha kundi lote, la ndege au la samaki: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usimwache mbali. Na kwamba waliowapiga picha ndege aina ya kwezi juu ya jiji la Roma walikuta kila ndege akiwafuata majirani sita au saba tu. Mzee akafikiri, akasema, "Lakini dagaa hugeuka hata usiku." Ndiyo, nikamjibu, kwa sababu ndege hutegemea macho, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaomwambia maji yanavyosukumwa na mwenzake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hayo ya ubavuni alikuwa akiyashuku tangu ujana wake. Mazungumzo hayo hayakuwemo kwenye bei, na yalikuwa na thamani kuliko vyote vilivyokuwemo.

Nilipaswa kuishia hapo na kuandika sifa. Lakini tulipofika ufukweni nilimpigia simu mwenye kampuni, nikamweleza habari za mkate na za "samaki mgonjwa", nikaomba nirudishiwe sehemu ya fedha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, samaki uliwaona au hukuwaona?" Nikasema niliwaona. "Basi," akasema, akakata simu.

Baada ya hapo niliandika maneno ambayo nimeyafuta, kwa heshima ya wanafunzi wangu wanaoweza kuyasoma. Siku nyingi hazijapita, ofisi ileile imenipigia, sauti tamu ileile, ikiuliza kama ningependa kuleta darasa zima kwa bei ya punguzo. Nimejibu kwamba nitawaleta, kwa sharti kwamba mkate ubaki dukani na yule mzee wa usukani ndiye azungumze na watoto. Mpaka naandika haya hawajanijibu. Kwa sasa natoa nyota mbili, zote za nahodha. Wakikubali sharti nitaongeza ya tatu, na kijana yule akitokea tena na mfuko wake, naziondoa zote, hata kama bahari haina kosa.