Wilson hadi Kisumu kwa ndege: ruka asubuhi, beba kidogo

Basi la Kisumu sina ugomvi nalo, ila kiuno changu kimekataa. Kutoka Nairobi kupitia Nakuru na Kericho ni kilomita 350 hivi, na malori yakishajipanga kwenye miinuko, saa saba au nane zinakuishia kitini. Kwa hiyo nikiitwa nyumbani kwa jambo la haraka, naenda Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi.

Kwa mstari ulionyooka, Wilson na Kisumu zimeachana kilomita 270 hivi. Vikokotoo vya mtandaoni umbali vinaupatia. Muda ndio vinaubabaisha, maana vingine vinagawanya umbali huo kwa kasi ya jeti kubwa na kukupa dakika 20. Mimi hupanda Dash 8, ndege ya pangaboi yenye kasi ya kama kilomita 500 kwa saa. Weka na kusubiri zamu ya kuruka, kupaa juu ya milima ya Mau, na kuanza kushuka ukiwa bado maeneo ya Kericho. Dakika 45 hadi 50 ndizo za kuamini. Kurudi huweza kuzidi kidogo, kwa sababu mara nyingi upepo wa huko juu hutoka mashariki.

Kinachokula muda hasa ni Lang'ata Road. Kwenye ramani Wilson iko kilomita tano tu kutoka katikati ya mji, lakini jaribu kuzipita saa moja asubuhi matatu zikiwa zimebanana! Hata hivyo naipenda kuliko JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa, kwa sababu ukishaingia getini mambo ni mafupi: ukaguzi, kaunta, kiti, kisha unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi ya ndege.

Suala la mizigo lisikilize vizuri. Ndege nyingi za pale zinakuruhusu kilo 15 tu, na wakati mwingine hesabu hiyo inajumlisha hata wa mkononi. Safari moja niliweka sanduku kwenye mizani nikijiona nimepita, kijana wa kaunta akaniambia kwa upole, "Na huo mkoba pia, mama." Mkoba ulikuwa na unga wa wimbi wa shangazi. Nikalipia.

Ukienda, omba dirisha la kulia. Bawa la Dash 8 liko juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuona kreta ya Longonot, na anga ikiwa safi utaliona Ziwa Naivasha nyuma yake. Baadaye ni msitu, halafu chai ya Kericho, halafu tambarare ya Kano, na kabla soda haijaisha ziwa limeshatokea. Uwanja wa Kisumu uko karibu na mji, teksi ni dakika chache ukiepuka foleni ya jioni.

Nikijumlisha yote, kutoka mlangoni kwangu South B, Nairobi, hadi Kondele, Kisumu, ni kama saa tatu na nusu. Bado ni nusu ya muda wa basi, kwa nauli ya mara kadhaa, na nauli yenyewe hupanda kadiri tarehe inavyokaribia.

Msimu wa mvua mimi sikati tena tiketi ya jioni. Radi za ziwani hupenda kujikusanya alasiri, na niliwahi kukaa Kisumu hadi usiku tukiambiwa "bado kidogo" bila hata chupa ya maji. Ya asubuhi naipa nyota nne. Ya jioni, mbili.