Michezo ya Ubao kwa Watoto wa Chekechea: Ipi Ununue, Ipi Usubiri

Habari zenu wazazi wenzangu, karibuni tena. Leo meza imejaa. Wengi mmeuliza: mtoto ana miaka mitatu, minne, mitano, nimnunulie mchezo gani wa ubao? Jibu la haraka kwa mwenye bando dogo: angalia atasubiri zamu yake kwa muda gani, na zamu ikifika atafanya nini. Picha za kwenye boksi achana nazo.

Tuanze na Ludo, maana hiyo ipo kila duka. Naipenda, nimekulia humo, lakini kwa mtoto wa miaka minne sheria zake ni mateso. Kete haitoki ndani mpaka upate sita, sivyo? Sasa piga hesabu. Ukirusha dadu mara nne, uwezekano wa kukosa sita zote nne unakaribia nusu. Mkiwa wachezaji wanne, mtoto ameshatazama zamu kumi na mbili za wenzake, kete zake zote zimelala ndani. Halafu anatoka, anatembea hatua tatu, kaka yake anamla. Hapo mnabembeleza, hamchezi tena.

Ukiwa nayo nyumbani usiitupe. Mpe kila mtu kete mbili tu, atoke kwa namba yoyote, na kulana marufuku mpaka afike miaka sita. Wajomba watalalamika. Waache walalamike.

Geuza ubao huohuo, nyuma kuna Nyoka na Ngazi. Ngoja nisogeze kamera, tazama hapa pembeni. Mstari wa chini unakwenda kulia, 1 mpaka 10. Kumi na moja iko wapi? Hapa juu yake, na kuanzia hapo unarudi kushoto. Mtu mzima haoni tatizo. Mtoto akifika 10 anaduwaa, au anarudi mwanzo wa mstari. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mshale kila mwisho wa mstari. Ila nyumba 100 bado ni nyingi, na nyoka wa karibu na mwisho ndiye mwenye kichwa kikubwa kuliko wote, anakushusha mpaka chini. Kwa umri huu mimi nasema isubiri.

Badala yake chora mstari mmoja ulionyooka, 1 mpaka 10, kwenye kipande cha boksi. Mnacheka? Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini, waliocheza ubao wa namna hiyo kwa vipindi vifupi ndani ya wiki mbili. Walipanda katika kuhesabu, kutambua namba na kujua ipi kubwa kuliko ipi. Waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakupanda hivyo. Siri iko mdomoni: mtoto akiwa kwenye 4 na amepata mbili, asiseme "moja, mbili". Aseme "tano, sita".

Sasa huu, kipenzi changu. First Orchard ya HABA, kampuni ya Kijerumani, ni mdogo wa mchezo wao mkubwa, Obstgarten, uliotoka 1986. Miti minne, kila mmoja matunda manne ya mbao. Sikia mlio wake... mzito, unajaa mkononi. Dadu lina rangi nne, kikapu na kunguru. Ukipata rangi unachuma tunda lake, ukipata kikapu unachagua tunda utakalo, ukipata kunguru anasogea hatua moja kuelekea bustanini. Wote mko upande mmoja, mnashindana na kunguru. Wa Dar na Unguja, mtoto hahitaji kuelezwa kwa nini huyo ndiye mwizi! Mnashinda pamoja, mnashindwa pamoja, na mchezo unaisha kabla mtu hajaanza kujinyonganyonga kitini.

Kasoro yake ni bei, hasa ukiuagiza nje. Basi tengeneza: vifuniko vya chupa vya rangi nne, vinne vinne, kifuniko cheusi kiwe kunguru, vipande vitano vya boksi viwe njia yake. Dadu kata sponji la godoro, paka rangi. Likirushwa halivunji kitu.

Karata za jozi, zile unazozilaza kifudifudi na kufunua mbili mbili kutafuta zinazofanana, nazo nzuri; anza na jozi sita, wala usishangae mtoto akikushinda. Bao la mashimo 32 na kete 64 tuwaachie babu zao kwanza.

Ukiwa dukani, tafuta alama ya duara jekundu lililokatwa, yenye 0-3. Maana yake haumfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, mara nyingi kwa sababu humo mna vitu vidogo vinavyoweza kumkaba. Kama mdogo wake anatambaa, chezeeni mezani, na mhesabu vipande mkimaliza.

Wenye watoto wa darasa la kwanza, yenu inafuata: tunawaingiza kwenye drafti. Andikeni hapo chini mna ubao gani nyumbani.