Kikokotoo cha mapato ya YouTube: nimekipima kwa daftari la bendi yetu

Jumamosi moja ya Februari mama yake mpiga dramu wetu alikuja mazoezini Ngara. Hakuwahi kuja hata siku moja. Tukamwamkia, akaketi juu ya spika, akangoja hadi wimbo ukaisha, kisha akanipa simu yake. "Mwanangu, sikuja kugombana. Nataka tu nielewe hizi laki moja na elfu tisa za vijana ziko wapi."

Kwenye kioo kulikuwa na tovuti ya kukokotoa mapato ya YouTube, jina la chaneli yetu, na chini yake maandishi ya kijani: imetazamwa mara 212,000, makadirio ya mapato dola 53 hadi dola 848. Mtu wa kanisani kwao alikuwa amechukua ile 848 akaizidisha kwa shilingi 129. Mimi napiga gitaa la besi na ndiye mweka hazina wa bendi kwa mwaka wa sita sasa. Kila shilingi ya wenzangu imo kwenye daftari, hata ile ya boda iliyobeba vikuza sauti. Siku ile niliulizwa mbele ya watu wanne kama nimekula pesa, na swali lenyewe lilitoka kwenye mtambo ambao haujui hata akaunti yetu iko benki gani.

Nikaazimia kuupima vizuri. Jina la tovuti silitaji, kwani nilifungua nyingine mbili baadaye nikakuta zinapiga hesabu kwa mtindo huohuo.

Kwa urahisi wa kutumia, sina neno baya. Ni bure, hakuna kujisajili, unabandika kiungo cha chaneli na jibu linatoka kabla hujavuta pumzi. Kinachofanyika nyuma ni kuzidisha tu: kila mara elfu moja za kutazamwa hupewa robo dola kwa makadirio ya chini na dola nne kwa ya juu. Basi, hakuna kingine. Kati ya chini na juu kuna tofauti ya mara kumi na sita. Mwuza mitumba wa Gikomba akikwambia koti ni kati ya shilingi 200 na 3,200, utamwuliza ni koti gani. Tovuti hii haiulizi ni bendi gani.

Ingeuliza, ningeijibu hivi. Kati ya zile mara 212,000, mara 61,000 zilitazamwa kabla hatujaingia kwenye mpango wa washirika wa YouTube. Ili ugawiwe pesa za matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kilichotazamwa kabla ya kukubaliwa hakilipwi kwa kurudi nyuma. Sisi tulitambaa kwenye zile saa 4,000 karibu miaka miwili, na wimbo wetu uliosikizwa sana ulivuma katikati ya kipindi hicho.

Mara nyingine 38,000 ni za wimbo wa bendi ya nje tuliouimba jukwaani. YouTube ina mfumo wa Content ID, uliopo tangu 2007, ambao hulinganisha sauti na picha na kazi zilizosajiliwa na wenyewe. Mwenye kazi akikutana na yake anaweza kuifungia video, kuiacha na kufuatilia takwimu tu, au kuchukua mapato. Yetu ilichukuliwa mapato. Ni haki yake, wimbo si wetu, lakini kikokotoo kilituhesabia sisi mara zote hizo.

Zikabaki mara 113,000. Ndani ya akaunti yetu, kila elfu imetuachia wastani wa senti 83 za dola. Jumla dola 93 na senti 79. Na hizo nazo hazikuwa zimetoka, kwa sababu Google hailipi mpaka salio lifike dola 100. Siku mama anauliza pesa ziko wapi, jibu la kweli lilikuwa: hazijafika, na hazijawahi kufika. Usiku mmoja wa Novemba tuliuza fulana kumi na sita kwa shilingi 800 kila moja, tukapata 12,800. Hizo ni nyingi kuliko zote zilizoandikwa YouTube tangu tuanze.

Kosa kubwa la kikokotoo, kwa maoni yangu, ni kuchanganya CPM na RPM. CPM ni anacholipa mtangazaji kwa kila matangazo elfu yaliyoonyeshwa. RPM ni kinachobaki kwako kwa kila mara elfu video ilipotazamwa, baada ya YouTube kuchukua chake. Katika video za kawaida mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya pesa za matangazo, katika zile fupi asilimia 45 ya fungu lao. Tena si kila anayefungua video huonyeshwa tangazo. Bei ya tangazo hupatikana kwa mnada, na mtazamaji wa Kayole hashindaniwi kwa bei ya mtazamaji wa Chicago. Hata huyo wa Chicago, sehemu yake hukatwa kodi ya Marekani: tangu 2021 Google huzuia asilimia 30 ya mapato ya watazamaji wa kule kwa wenye chaneli wa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya ni mojawapo.

Nilijaribu pia bendi kubwa, nione labda kwao hesabu inakaa sawa. Bendi ya roki ya Marekani, Guns N' Roses, video ya wimbo wao November Rain ya mwaka 1992, ilifikisha mara bilioni moja Julai 2018, ikawa ya kwanza kufika huko kati ya video za miaka ya tisini. Kikokotoo kinasema bilioni moja ni kati ya dola 250,000 na dola milioni nne. Za nani? Rekodi ilitoka chini ya lebo ya Geffen, iliyo ndani ya kampuni ya Universal, na wimbo wenyewe umeandikwa kwa jina la mwimbaji wao Axl Rose peke yake. Kwa hiyo fungu la mtunzi halimgusi mpiga gitaa wao Slash, hata kama gitaa lake ndilo watu wanaloliigiza hewani. Mwenye rekodi, mtunzi na mpigaji ni mifuko mitatu.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni bendi ya OK Go, wale waliocheza juu ya mashine za kukimbilia mwaka 2006, wakatazamwa na mamilioni. Mwaka 2010 mwimbaji wao Damian Kulash aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba taarifa ya mirabaha ya miezi sita ya kusikilizwa mtandaoni iliwaandikia dola 27 na senti 77. Mwaka huohuo waliachana na kampuni yao ya rekodi, EMI, wakaanzisha lebo yao, Paracadute, na video yao ya mtambo mkubwa wa magurudumu na mipira ikagharimiwa na kampuni ya bima, State Farm. Pesa ilikuja, ila kwa mlango ambao kikokotoo hakiujui.

Sisemi kifutwe. Kina mchoro wa ukuaji wa chaneli mwezi kwa mwezi, na huo ni msaada: niliutumia kuonyesha mwenye ukumbi mmoja wa Westlands kwamba watu wanatufuata, akatupa tarehe. Kwa kazi hiyo nakipa nne kwa tano. Kwa mapato nakipa moja, na nimewaandikia wenyewe niwaombe waweke maswali matatu kabla ya kutoa jibu: watazamaji wako nchi gani, ulianza kulipwa lini, na nyimbo ni zako?

Jumamosi ile nilifungua akaunti kwenye simu yangu, nikamwachia mama apekue mwenyewe. Alisoma taratibu, kidole juu ya kioo, mpaka akafika kwenye 93.79. Akashusha pumzi, akanishika mkono.

Mei salio lilifika dola 101. Juni zikaingia benki. Nikampigia picha ule ujumbe nikamtumia. Akanijibu kwa sauti, akiuliza kama zinatosha ngozi mpya ya dramu kubwa, maana ile mwanawe ameiziba kwa selotepu tangu Krismasi. Zilitosha.