Mihadhara ya bure ya siasa na jamii: ipi inafaa kwa bando la mtu wa kawaida

Nashona sare za shule Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kazi hii inataka macho na mikono, masikio inayaacha huru. Kwa hiyo mhadhara wowote wa mtandaoni naupima kwa maswali haya: unapakuliwa ukiwa sauti tupu bila video? Una maandishi yake? Msemaji anaeleweka cherehani ikiwa inalia? Nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hadi kidato cha sita, chuo sikwenda, na hamu ya kujua kwa nini watu hukubali kutawaliwa haijaniisha hata leo.

Kwa vipimo hivyo, Open Yale Courses inaongoza, na inayofuata iko mbali. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilianza kuziweka kozi hizi hadharani mwaka 2007, kozi nzima nzima, kama profesa alivyozifundisha mbele ya wanafunzi wake. Hulipi, hujisajili. Kila kipindi kina video, faili la sauti na maandishi ya yote yaliyosemwa. Sauti ya dakika 45 kwa kilobiti 128 ni kama MB 43 tu. Video ya kipindi hicho hicho ingemaliza bando langu kabla profesa hajafika katikati. Napakua usiku, nahamishia kwenye memori kadi, asubuhi naenda nayo kazini. Cheti hawatoi, hilo lijulikane mapema.

Ukiingia humo, anza na Ian Shapiro, mzaliwa wa Afrika Kusini, na kozi yake "The Moral Foundations of Politics", vipindi 25 vya mwaka 2010. Swali lake ni moja mwanzo mpaka mwisho: serikali inastahili utii wetu wakati gani, na wakati gani haistahili? Anaanza na Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi aliyeshitakiwa Jerusalem na kujitetea kwamba alikuwa akitekeleza amri. Kutoka hapo anapita kwa Bentham, Mill na Marx, anaingia kwa wanaosema dola ni mkataba, anamgusa Burke, anamalizia na demokrasia. Nampenda kwa sababu kila mwanafalsafa anampa nafasi ya kueleweka kwanza, ndipo anamhoji. Wabishi wetu wa vijiweni wangemsikiliza huyu, mabishano yangekuwa na faida.

Ila kozi iliyonikaa moyoni ni ya Iván Szelényi, Mhungaria, "Foundations of Modern Social Theory", ya mwaka 2009. Lafudhi yake ni nzito, lakini hakimbii, na maandishi yapo pale neno likikupita. Anatoka kwa Hobbes mpaka kwa Durkheim. Vipindi vinavyomhusu Max Weber, msomi wa jamii wa Ujerumani, nimevirudia kuliko vyote. Weber anasema mtawala hutiiwa kwa sababu ya mila, au kwa sababu ya mvuto wake mwenyewe, au kwa sababu ya sheria na cheo. Mimi asili yangu ni Rungwe. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini kijijini kwetu ukitokea ugomvi wa mpaka wa shamba, mwenyekiti wa kijiji ataitwa, na mzee wa ukoo wa malafyale, yaani chifu wa Kinyakyusa, naye ataitwa, na watu watatazama nani kakaa wapi. Nimekua nikiliona jambo hilo bila kujua namna ya kulieleza. Profesa wa Budapest ndiye aliyenipa namna hiyo.

Wanaotaka vitu vifupi waende kwenye Reith Lectures za BBC. Zilianza mwaka 1948 na Bertrand Russell, na hazina yake iko wazi, sauti na maandishi. Tafuteni za mwaka 1979: Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika, kila mmoja kama nusu saa. Anaanza na mafumbo ya bara letu, kwamba hapa ndipo binadamu alipoishi kwanza lakini ndipo pamechelewa kukalika vizuri, na kwamba tuko katikati ya ramani huku tukiwa pembeni kwenye siasa za dunia. Kiingereza chake ni kizuri mno, sentensi zina mapigo. Mhadhara wa sita, anapotaka Afrika nayo iwe na silaha za nyuklia, mimi nampinga kabisa, lakini alinilazimisha kutafuta sababu za kumpinga, na hiyo ni kazi ya mhadhara mzuri.

Kwa mahojiano, Conversations with History ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Harry Kreisler aliianzisha mwaka 1982, na kila mgeni alimuuliza kwanza kuhusu alikozaliwa na jinsi wazazi walivyomjenga, halafu ndipo mawazo. Nasikiliza ya Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, ya mwaka 1998 kila nikihitaji kuchangamka. Na "Justice" ya Michael Sandel wa Harvard? Nzuri, sehemu 12, wanafunzi wanabishana ukumbini, lakini uhondo mwingi uko kwenye kuwaona. Iwekeni kwa siku mnayopata Wi-Fi.

Kwa Kiswahili, tafuteni mahojiano ya Profesa Issa Shivji, wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani nafasi ya uprofesa yenye jina lake, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2008. Anaeleza katiba na ardhi kwa lugha ambayo mama muuza viazi wa Uyole ataifuata bila shida.

Halafu kuna hotuba ya Mwalimu ya Mei Mosi 1995, iliyotolewa hapa hapa kwetu, Uwanja wa Sokoine. Alizungumzia rushwa, ukabila, udini na sifa za mtu wa kupewa nchi. Hii inaniuma. Mtandaoni imekatwakatwa vipande vya dakika mbili tatu, vingine vimewekewa muziki chini, vingine havisemi ni wapi wala lini. Msichana ninayemfundisha kushona alidhani ilitolewa Dar es Salaam. Tafuteni ndefu, msikilize anavyojenga hoja kwa utulivu, anavyorudi nyuma, anavyowachekesha wafanyakazi kabla ya kuwabana.

Vyuo vyetu vya nyanda hizi, Mbeya na Iringa, vinaalika wasemaji wazuri. Naomba mkirekodi, wekeni faili la sauti peke yake, andikeni jina la msemaji, ukumbi na tarehe, na kipaza sauti kimsogelee anayeuliza swali. Mafundi tutasikiliza.